Ukipata kimoja, kikamue

"Mama, maktaba hii haina kitu kuhusu mada yangu."

Dawatini kwangu sentensi hiyo naisikia kuliko shikamoo. Jibu langu halibadiliki: hebu nionyeshe ulichoandika. Na karibu kila mara ninachokuta kwenye kisanduku cha kutafutia ni swali zima, limekamilika na alama ya kuuliza mwishoni. Mwanafunzi wa hivi karibuni anaandika tasnifu juu ya nyuki wasiouma, wale wadogo wanaotengeneza asali lakini hawana mwiba wa kudunga. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza, sentensi ndefu iliyouliza ukataji wa misitu ya kitropiki unawaathirije nyuki hao pamoja na asali yao. Katalogi ikamjibu sifuri, naye akaiamini.

Swali lake lilikuwa zuri. Tatizo alimpelekea asiyejibu maswali. Katalogi ya maktaba haijasoma kitabu hata kimoja. Ilicho nacho ni rekodi tu: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, vichwa vya mada viwili vitatu, namba ya rafu, na ukibahatika orodha ya sura. Kitabu cha kurasa mia nne kinawakilishwa na aya moja fupi. Sasa ukiitupia katalogi sentensi ndefu, mara nyingi itatafuta rekodi yenye maneno yako yote kwa pamoja, na rekodi ya namna hiyo haipo duniani. Mitambo ya kutafutia ya intaneti imetudekeza: inakisia ulichokusudia, inasamehe tahajia, inakubadilishia neno bila kukuambia. Katalogi haina huruma hiyo.

Tukafuta yote. Nikamwambia aandike maneno mawili tu, "stingless bees", ndani ya alama za nukuu ili yasitenganishwe. Vikaja vitabu vichache, na hakuna hata kimoja ambacho jina lake liligusa ukataji miti. Kijana akanitazama kwa jicho la mtu aliyepotezewa muda. Kumbe hapo ndipo utafutaji unapoanza, na ndipo wengi huinuka wakaenda zao.

Ninachowaambia wote ni hiki: usihangaike kupata orodha nzuri. Pata kitu kimoja kizuri, hata kama kinagusa mada yako kwa pembeni tu, halafu kikamue mpaka kikutajie ndugu zake. Kitabu kimoja kinayajua mambo ambayo wewe bado huyajui: watu wa fani hiyo wanatumia maneno gani, kinakaa rafu gani na jirani zake ni akina nani, kiliwasoma akina nani, na nani amekisoma baadaye.

Anza na rekodi yenyewe. Usiishie kwenye ukurasa wa matokeo, bofya uingie ndani. Tulipofungua rekodi ya kitabu cha kwanza tulikuta mstari wa vichwa vya mada: "Stingless bees", kisha "Bee culture". Hicho cha pili ndicho kilichomfumbua macho kijana wangu, maana siku zote alikuwa akiandika "beekeeping", kama anavyosema kila mfugaji nyuki anayezungumza Kiingereza. Maktaba zinazofuata vichwa vya mada vya Library of Congress ya Marekani huviweka vitabu vya ufugaji nyuki chini ya "Bee culture", iwe mwandishi amelitumia neno hilo au hakulitumia. Tukabofya kichwa hicho, na rafu nzima ambayo hakujua kuwa ipo ikafunguka kwenye skrini.

Library of Congress ilianza kuandaa orodha ya vichwa hivyo mwaka 1898, na wazo lake mpaka leo sijaona linaloshinda. Binadamu anakishika kitabu, anakipitia, anasema kinahusu jambo fulani, na jambo hilo linapewa jina moja lisilobadilika kwa vitabu vyote. Mwandishi akipenda kukiita kitabu chake jina la kishairi lisilotaja nyuki popote, kichwa cha mada bado kitakifichua. Ubaya wake ni kwamba majina haya yanakwenda polepole kuliko midomo ya watu. Mpaka mwaka 2010 vitabu vya mapishi viliwekwa chini ya "Cookery", neno ambalo hakuna msomaji aliyekuwa akiliandika tena. Ndiyo maana sikushauri ukisie kichwa cha mada kutoka kichwani. Kiazime kwenye rekodi ya kitabu ulichokwisha kukipata.

Wa udaktari na uuguzi mna orodha yenu, MeSH, iliyotolewa na National Library of Medicine ya Marekani mwaka 1960. Humo saratani iko chini ya "Neoplasms" na shambulio la moyo ni "Myocardial Infarction". PubMed, mtambo wa kutafutia makala za tiba, hujitahidi kukutafsiria neno lako la kawaida kwenda huko, lakini fungua sehemu ya maelezo ya utafutaji uone imetafsiri nini. Wakati mwingine utacheka.

Baada ya vichwa vya mada, namba ya rafu. Hapa wanafunzi hunisikiliza nusunusu kwa sababu wanadhani namba ni anwani tu, ya kukifikia kitabu na kuondoka nacho. Melvil Dewey alipotoa mfumo wake mwaka 1876 alipanga elimu yote katika madarasa kumi, na kitabu kimoja kinaweza kukaa mahali pamoja tu. Nyuki kwa hiyo amegawanyika. Akiandikwa kama mdudu yuko 595.799, katikati ya wadudu wenzake. Akiandikwa kama mfugo anahamia 638.1, kwenye kilimo. Asali ikizungumzwa kama dawa unaifuata huko 615. Maktaba zinazotumia mpangilio wa Library of Congress nazo zimemgawa hivyo hivyo, QL568 upande mmoja na SF521 na kuendelea upande wa pili. Mtu anasimama 638.1, anaona vitabu sita vya mizinga na mavazi ya kujikinga, anarudi kwangu kulalamika kwamba hakuna sayansi. Sayansi iko ghorofa nyingine.

Twende basi rafuni, nikamwambia, na tukaenda. Pale 595.799 hatukuchukua kitabu tulichokifuata tu, tulisoma migongo ya vitabu vya kulia na kushoto. Kilikuwepo kimoja kinene juu ya uchavushaji kwa ujumla, ambacho rekodi yake haikuwa na neno "stingless" popote. Tukakifungua nyuma, kwenye faharasa. Chini ya herufi S wakajitokeza nyuki wasiouma, na kurasa zao zimetajwa mafungu kwa mafungu. Chini ya D kulikuwa na "deforestation". Kurasa chache zilikuwa zimetajwa sehemu zote mbili. Akazifungua, na lile swali lake refu likawa limekaa pale, limejibiwa kwa aya nne, na kila aya imebeba majina ya watafiti kwenye mabano. Faharasa iliyotengenezwa na mtu makini ni chombo cha kutafutia ambacho hakihitaji umeme, na inanisikitisha kuona kizazi kizima kinafungua kitabu mbele tu.

Sasa alikuwa na maneno. Ndipo nikamruhusu kugusa kanzidata za makala, yaani mikusanyo ya kielektroniki ya rekodi za makala za majarida.

Chukua karatasi, chora safu mbili. Kila wazo kuu safu yake, na chini yake yapange majina yote uliyoyaokota kwenye vile vitabu. Safu ya kwanza alijaza stingless bees, majina yao ya kisayansi Meliponini, Melipona na Trigona, na meliponiculture, ambalo ndilo jina la kitaalamu la ufugaji wake. Safu ya pili: deforestation, forest loss, logging, fragmentation. Ndani ya safu unaunganisha kwa OR (hili au lile), kati ya safu na safu unaweka AND (vyote kwa pamoja). Mantiki hii inarudi kwa George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyeiweka kitabuni mwaka 1854 bila kuwaza kabisa kwamba siku moja itatumika kutafuta nyuki. Kilichotoka kwenye karatasi yake kilikuwa hivi:

("stingless bee" OR "stingless bees" OR melipon* OR trigona) AND (deforest* OR "forest loss" OR logging OR fragment*)

Mabano ni ya lazima. Usipoyaweka, kanzidata itaamua yenyewe ianze wapi, na kila moja ina utaratibu wake. PubMed, kwa mfano, husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia, na inataka uviandike kwa herufi kubwa.

Kile kinyota ni kusema: chukua shina hili na chochote kitakachofuata. Melipon* peke yake imebeba Melipona, Meliponini na meliponiculture, na ikabeba pia Meliponidae na Meliponinae, majina ambayo wataalamu wa zamani waliyatumia kwa kundi hili kabla ya mpangilio wa sasa. Shina likiwa fupi mno, hata hivyo, unajitafutia balaa. Nimemwona mtu ameandika bee* akaletewa bia (beer), nyama ya ng'ombe (beef), mbawakawa (beetle) na Beethoven.

Na ukitafuta kwa Kiswahili, kinyota kitakusaliti kwa sababu nyingine kabisa. Kimetengenezwa kwa ajili ya lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani, na yetu hubadilika kichwani. Mfugaji, wafugaji, ufugaji, mzinga, mizinga, msitu, misitu. Mifumo inayokubali kinyota mwanzoni mwa neno ni michache, kwa hiyo dawa ni kuandika maumbo yote na kuyaunganisha kwa OR: (mfugaji OR wafugaji OR ufugaji) AND nyuki. Inachosha kidole lakini inafanya kazi. Vitenzi ndiyo usijaribu kabisa. Ukianza na anafuga, walifuga, wanaofuga hutamaliza leo. Shika nomino.

Usidhani pia kwamba ulichojifunza kwenye kanzidata moja kinahamia nyingine kama kilivyo. Ukitaka maneno mawili yawe karibu karibu, Web of Science inataka NEAR/5, Scopus inataka W/5, na zile za EBSCO zinataka N5. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, haina vichwa vya mada kabisa, na kinyota haikifuati namna hii. Ukurasa wa msaada wa kila kanzidata unasomeka kwa dakika chache. Wachache mno huusoma, na hao huwa hawarudi kwangu kulalamika.

Kuna la Trigona ambalo silipiti. Makala za zamani ziliweka chini ya jina hilo spishi nyingi ambazo leo zimehamishiwa jenasi nyingine. Ukitafuta kwa jina la leo peke yake, umefuta kazi za watu waliozunguka misituni kabla hujazaliwa. Kwa fani yoyote inayohusu viumbe, majina ya zamani ni mlango wa lazima, na ukishayapata nenda Biodiversity Heritage Library, ambako vitabu na majarida ya kale ya elimu ya viumbe yamepigwa picha na yanasomwa bure. Na si majina ya kisayansi tu. Nyuki hawa wamechunguzwa sana Brazil na Meksiko, kwa hiyo "abelhas sem ferrão" na "abejas sin aguijón" zinapaswa kuingia kwenye safu ya kwanza. Kijana akaniambia hajui Kireno. Nikamwambia hata mimi sijui, lakini makala nyingi za Kireno huja na ikisiri ya Kiingereza, na majedwali ya takwimu hayahitaji mkalimani.

Tukafika kwenye marejeleo. Kila makala nzuri inaangalia pande mbili. Nyuma kuna aliowasoma mwandishi, na hao wamepangwa mwishoni mwa makala, kazi yako ni kuwapitia kwa kalamu mkononi. Mbele kuna waliomsoma yeye, na hawa zamani hukuwa na njia rahisi ya kuwajua. Eugene Garfield ndiye aliyelipendekeza jambo hili mwaka 1955, kwamba makala zifuatiliwe kwa kuangalia nani amemnukuu nani, na mwaka 1964 taasisi yake ikatoa Science Citation Index ya kwanza. Leo ukibofya idadi ya walionukuu chini ya makala kwenye Google Scholar unatumia wazo lake. Ujanja ninaoupenda mimi: ingia kwenye orodha ya walionukuu, weka alama ya kutafuta ndani ya orodha hiyo tu, kisha andika neno moja la safu ya pili. Kutoka makala ya jumla ya nyuki wasiouma, "deforestation" ilichambua zile chache zilizomhusu hasa, na nyingi kati yake hazikuwa na neno hilo kwenye majina yao.

Ukipitia marejeleo ya nyuma utaona majina yanayojirudia. Kwenye jenetiki ya Melipona, kwa mfano, huwezi kumkwepa Warwick Kerr wa Brazil, ambaye tayari mwaka 1950 alikuwa amechapisha juu ya namna malkia na vibarua wanavyotokea kwenye jenasi hiyo. Ni yule yule aliyeingiza nyuki wa Afrika nchini Brazil mwaka 1956, makundi yakatoroka na kuzaana na wale wa Ulaya, na dunia ikapata hadithi za "nyuki wauaji". Ukimtafuta kwa jina tu utazama kwenye hao wauaji. Weka jina kwenye sehemu ya mwandishi, weka melipon* kwenye sehemu ya mada. Na jaribu jina lake kwa maumbo yote: Kerr W E, Kerr Warwick, Kerr Warwick Estevam. Waandishi wanaotumia majina yasiyo na ukoo kwa mtindo wa Kizungu wanateseka zaidi, kwani kila katalogi huamua kivyake jina lipi lianze.

Mambo mawili yananikera, niyaseme niyamalize. La kwanza ni NOT, kiunganishi cha kuondoa neno usilolitaka. Mtu anachoka na nyuki wa kawaida wanaodunga, anaandika NOT "honey bees", anafurahi matokeo yamepungua. Amezitupa makala zote zinazowalinganisha nyuki hao wawili, yaani zile zilizo bora kuliko zote. Kiunganishi hicho kina kazi yake, ila kwa wanaoanza ningekifungia kabatini. La pili ni vichujio vinavyobofywa mapema: miaka mitano ya mwisho tu, yenye matini kamili tu. Hicho cha matini kamili kinaficha makala ambazo sisi wakutubi tungeweza kukutafutia kwa kuazimana na maktaba nyingine. Na hicho cha miaka mitano kimeua tasnifu nyingi za historia. Tafuta kwanza bila uzio, uone shamba lote, uzio utauweka baadaye.

Kuhusu makala zinazodai malipo sitasema mengi. Chukua namba yake ya DOI, ile ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, angalia kama mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake, tazama majarida huria (yanayosomwa bure) kwenye orodha yao ya DOAJ, mwandikie mwandishi, watafiti wengi hufurahi kuulizwa. Kitabu ambacho maktaba yako haina, kitafute WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, uone nani anacho, uje na rekodi hiyo kwangu. Usilipe kabla hujaniuliza.

Ila kuna jipya linalonipa kazi siku hizi. Wasomaji wanakuja na orodha ya marejeleo iliyopangwa vizuri mno, wanataka niwatafutie makala hizo, na hazipo. Wameuliza programu ya akili mnemba, ikawatungia. Jarida huwa la kweli, mara nyingine hata mwandishi ni wa kweli. Kinachokosekana ni makala. Namna ya kuzikamata ni ya kizamani: bandika jina zima la makala ndani ya alama za nukuu na ulitafute, bandika DOI kwenye doi.org uone inakufikisha wapi. Nenda kwenye jarida, fungua juzuu na toleo lililotajwa, tazama kurasa zile zina nini. Mara nyingi utakuta makala ya mtu mwingine kabisa imekaa pale kwa amani. Programu hizo nazitumia mimi mwenyewe kuzalisha visawe vya kujazia zile safu mbili, na kwa hilo ni hodari. Orodha ya kusoma sizikabidhi.

Andika unapopita. Daftari au faili, vyovyote vile: kanzidata gani, ulitumia maneno gani, siku gani, umepata nini. Msimamizi wako atakuuliza, na wewe mwenyewe baada ya wiki mbili hutakumbuka kama logging uliitafuta au uliiwaza tu.

Swali la mwisho huwa ni lini mtu aache. Kijana wa nyuki aliniuliza hilo akiwa na makala nyingi kuliko alizoweza kusoma. Nikamwambia atazame marejeleo ya makala tatu mpya alizopata. Akiona karibu yote tayari yamo daftarini mwake, na majina ni yale yale yanayonukuuana, kwa upande huo amefika. Kama bado yanajitokeza majina mageni, arudi kwenye safu zake aongeze neno. Kisha asave utafutaji wake kwenye kanzidata na kuwasha taarifa za barua pepe, kitu kipya kikitoka kitamfuata chenyewe, na jioni hiyo aanze kuandika sura ya pili.